Usiku wa Kuamkia Januari Mosi: Waliokesha Kabla Yetu

 Kama umeamka salama, mshukuru Mungu, maana si wote tuliouanza nao mwaka uliopita tunao leo.

Mimi mwaka umenigeukia nikiwa kazini. Sisi waandishi vijana, ambao hatuna mke wala watoto wa kusingizia, ndio tunaopangiwa zamu ya Desemba 31. Mhariri aliniambia niende kwenye mkesha mmoja wa maombi hapa jijini, nirudi na mistari mitatu ya mahubiri, makadirio ya idadi ya watu na picha moja ya waumini walioinua mikono. Kazi rahisi. Nilitafuta kiti nyuma kabisa, karibu na mlango, nikakaa jirani na mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge na kushika daftari dogo la shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kusali au kuandika?"

"Vyote viwili, mama."

Akacheka, akanimegea karanga zake. Tukazungumza kidogo wakati kwaya zikibadilishana. Ndani ya daftari alikuwa ameandika maombi yake kwa namba, moja hadi saba. Akanionyesha la kwanza. Lilimhusu mwanawe, na sitalieleza hapa kwa sababu ni siri yake. Akasema, "Hili liko namba moja mwaka wa tatu sasa. Kila mwaka tunaambiwa huu ni mwaka wetu. Labda mimi sijasikia vizuri ni mwaka wa nani."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetania. Lakini mimi sikucheka. Katika mkesha wa mwaka uliotangulia nilikuwa nimesimama na baba yangu mzazi, naye akaambiwa, pamoja na umati mzima, kwamba anavuka kuingia mwaka wa ushindi. Mwezi wa sita tukamzika.

Saa sita ilipogonga watu waliruka, vigelegele vikapigwa, fataki zikalia mtaa wa pili. Nikapata picha yangu. Nikarudi chumba cha habari, nikaandika habari yangu, mhariri akaridhika. Ila swali la yule mama halikuniacha. Hivi huu mkesha ulianzaje? Na hao walioanza kukesha walikuwa wanasubiri nini? Nilisoma historia kidogo Mlimani, kwa hiyo nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikaanza kusoma. Nimeona nikushirikishe, msomaji wangu, kwa sababu nilichokikuta kimenitia moyo kuliko mahubiri mengi.

Tuanzie Ujerumani, mwaka 1722. Wakimbizi wa dini kutoka Moravia, nchi ambayo leo iko ndani ya Jamhuri ya Czech, walivuka mpaka kuingia Saxony wakitafuta mahali pa kuabudu bila kusumbuliwa. Walikuwa mabaki ya kanisa lililotokana na wafuasi wa Jan Hus, padri aliyechomwa moto mwaka 1415. Kabaila mmoja kijana, Nikolaus von Zinzendorf, aliwapa sehemu katika ardhi yake. Wakakata miti, wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Jina hilo maana yake ni ulinzi wa Bwana, au ukipenda, lindo la Bwana.

Usidhani lilikuwa kundi la malaika. Miaka mitano ya kwanza waligombana sana, mpaka kijiji kikakaribia kuvunjika. Ilikuwa Agosti 1727, katika ibada ya Meza ya Bwana, ndipo walipopatana. Mwezi huohuo wakagawana saa za mchana na usiku, kila mtu na zamu yake, ili maombi yasikatike. Zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Watu wa namna hiyo, waliozoea lindo, ndio wanaotajwa kuwa walifanya mkesha wa kuuaga mwaka huko Herrnhut mwaka 1733. Mikesha katika Ukristo ni ya kale mno, ule wa Pasaka una karne nyingi. Ila huu wa Desemba 31, wa kukaa pamoja mpaka saa sita ipite, unafuatiliwa nyuma mpaka kwa hawa Wamoravian.

Kuna jambo jingine walilolianzisha ambalo mimi naona linakwenda sambamba na mkesha. Jioni moja ya mwezi Mei mwaka 1728 Zinzendorf aliwapa wenzake neno fupi la kushika kesho yake. Wakaendelea hivyo kila siku, na kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yakachapishwa katika kitabu, neno moja kwa kila siku ya mwaka. Kitabu hicho kinatoka mpaka leo katika lugha zaidi ya 50. Angalia jambo hili vizuri. Walioanzisha mkesha wa mwaka mpya hawakutoka pale na kaulimbiu ya kubeba miezi 12. Walitoka na neno la kesho asubuhi. Keshokutwa ina neno lake.

Kutoka Herrnhut mkesha ulifikaje Uingereza? Kwa njia ya dhoruba. Mwishoni mwa mwaka 1735 kasisi kijana wa Kianglikana, John Wesley, alipanda meli kwenda Georgia, Marekani. Ndani ya meli hiyo walikuwamo Wamoravian. Januari 1736 bahari ilichafuka vibaya, tanga kuu likapasuka, maji yakaingia, abiria wakapiga mayowe. Wamoravian walikuwa katikati ya ibada yao, wakaendelea kuimba. Wesley aliyaandika haya katika shajara yake. Alimuuliza mmoja wao kama hawakuogopa, akajibiwa kuwa hawakuogopa, hata wanawake na watoto wao. Kasisi yule msomi wa Oxford alijigundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiogopa kufa. Mwaka 1738, baada ya kazi yake ya Georgia kumwendea vibaya, alisafiri mpaka Herrnhut kuwaona watu hao kwao.

Miaka michache baadaye, huko Kingswood karibu na Bristol, wachimbaji wa makaa ya mawe waliookoka walianza kukesha kwa maombi. Zamani usiku wao wa Jumamosi uliishia kwenye vilabu vya pombe. Sasa wakaugeuza kuwa usiku wa kuimba na kusali. Baadhi ya watu walimshauri Wesley apige marufuku jambo hilo. Alikataa. Akasema Wakristo wa kwanza nao walikesha, akajiunga nao, na mwaka 1742 akaupeleka mkesha London.

Wesley aliuweka mkesha huo mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu. Unajua kwa nini? Ili watu wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Hakukuwa na taa za barabarani, na wengi wao walitembea maili kadhaa. Nimeipenda sana sababu hiyo. Mtu aliyeupanga mkesha alifikiria pia jinsi watu watakavyotembea baada ya saa sita. Mwaka 1755 akaongeza ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ibada ambayo baadaye Wamethodisti waliizoea mwanzoni mwa mwaka.

Hapo ndipo historia inapoelekea Marekani, na hapo ndipo inapouma. Wamethodisti walihubiri kwa watumwa, na watumwa na watu weusi huru wakaupokea mkesha. Lakini kwa mtumwa wa majimbo ya kusini, Januari mosi haikuwa siku ya pilau. Ilikuwa siku ya kukodishwa. Kati ya Krismasi na mwaka mpya wengi walipata mapumziko ya siku chache na familia. Kisha Januari mosi mabwana walisimama mahali pa wazi, wakakodisha watumwa wao kwa mwaka mzima, na wenye madeni wakawauza. Harriet Jacobs, mwanamke aliyetoroka utumwa North Carolina, alieleza siku hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1861. Alimwona mama mmoja akiwaongoza watoto wake saba mpaka mnadani. Mama huyo alijua baadhi watachukuliwa. Walichukuliwa wote saba.

Kwa hiyo fikiria usiku wa Desemba 31 katika kibanda cha mtumwa. Mama anawatazama watoto waliolala, hajui kesho jua likichwa watakuwa wa nani. Huyo hakuhitaji kuambiwa akeshe. Usingizi ungetoka wapi?

Sasa tufike Desemba 31, 1862. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Septemba 22 mwaka huo Rais Abraham Lincoln alikuwa ametangaza kwamba, kama majimbo ya kusini yaliyoasi hayatarudi, ifikapo Januari mosi 1863 watumwa wote katika majimbo hayo watakuwa huru. Siku 100 za kusubiri. Rais angeweza kubadili mawazo. Wapo waliomshinikiza abadili. Usiku ule watu weusi, huru na watumwa, walikusanyika makanisani, na pengine kwa siri, wakakesha. Wengine huko Marekani husema mkesha wa mwaka mpya ulizaliwa usiku huo. Hapana, tumeona ulikuwapo zaidi ya karne moja kabla. Ila ni kweli kwamba usiku huo ulipewa maana mpya, na makanisa yao huukumbuka mpaka leo.

Kitu ambacho watu hawasimulii sana ni kwamba saa sita ilipita bila habari. Kulipokucha, bado. Lincoln alishinda Ikulu akipeana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa nyingi, akaja kuweka saini alasiri. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa uchovu, akasubiri utulie, maana hakutaka saini yake ionekane kama ya mtu mwenye mashaka. Kule Boston, Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa mwandishi na mwenye gazeti lake, alikuwa ukumbini na umati tangu mapema. Waliweka watu wa kupokezana habari kutoka ofisi ya simu ya maandishi mpaka ukumbini. Jioni ikaingia. Usiku ukaingia. Douglass alisimulia baadaye jinsi matumaini yalivyoanza kupungua. Habari ikafika usiku ukiwa umekwenda sana, watu wakalia na kuimba, na muda wa ukumbi ulipokwisha wakahamia kanisa la Kibaptisti la watu weusi, wakaendelea mpaka karibu na alfajiri.

Kwa hiyo ule mkesha maarufu kuliko yote katika historia haukujibiwa saa sita kamili. Ulichelewa karibu saa 24.

Na kuchelewa kwenyewe ndiyo kwanza kulianza. Tangazo lile halikuwagusa watumwa wa majimbo yaliyobaki upande wa serikali, kama Kentucky na Delaware. Kwenye majimbo yaliyoasi lilitegemea jeshi lifike. Texas jeshi lilifika Galveston na kutangaza uhuru Juni 19, 1865, miaka miwili na nusu baada ya ule mkesha. Kentucky na Delaware wakasubiri mpaka Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa. Kati ya hapo, wanaume weusi wapatao 180,000 walijiunga na jeshi la serikali. Waliokesha wakiomba uhuru wakatoka wenyewe kuupelekea wenzao. Neno lilitolewa siku moja, lakini lilisafiri kwa miguu ya watu kwa miaka.

Hebu turudi nyumbani. Mwaka 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walipitia Msumbiji na Ziwa Nyasa wakafika Rungwe. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana nao walikuja na ibada zao za kufunga na kufungua mwaka, na Wapentekoste wakaja na mikesha yao yenye moto. Sasa Desemba 31 ni shida kupata daladala usiku.

Nisipake chokaa. Wamoravian ndio waliotuma wamisionari kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas mwaka 1732, wakati wengi hawakuwahesabu watumwa kuwa watu wa kuhubiriwa. Lakini baadaye misheni hiyohiyo ilimiliki watumwa. Wesley kwa upande wake aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1774, na siku chache kabla ya kufa mwaka 1791 alimwandikia mbunge William Wilberforce kumtia moyo asichoke kuupiga vita. Wilberforce aliona biashara ya watumwa ikipigwa marufuku mwaka 1807. Kuhubiri matumaini ni kitu kimoja, kuyalipia gharama ni kingine. Wapo waliofanya la kwanza wakashindwa la pili.

Na sisi tuna usiku wetu wa Desemba 31 ambao sikuwahi kuusikia shuleni. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani ulitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Soma tena. Mtoto aliyezaliwa Desemba 31 jioni, amri haikumgusa. Aliyezaliwa Januari mosi 1906 alfajiri, huru. Na mama zao wote wawili walibaki watumwa kama jana yake. Wakati huo kusini mwa nchi vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka. Wajerumani hawakuwahi kuufuta utumwa wote. Ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Zanzibar amri ilitoka Aprili 1897, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Ukizipanga tarehe hizi unaona jambo moja. Saa sita ya usiku haijawahi kumfungua mtu kwa nguvu zake yenyewe. Kalenda haina huruma na haina upako. Kama mkesha ni mahali pa kwenda kukata tiketi ya bahati nasibu, basi yule mama amekosa mara tatu na baba yangu amekosa mara ya mwisho, na hakuna la kuwaambia. Lakini waliokesha kabla yetu hawakukesha hivyo. Wakimbizi wa Herrnhut, wachimbaji wa Kingswood, watu wa Boston, hakuna hata mmoja aliyekuwa na uhakika wa kesho. Walikesha kwa sababu hawakutaka kuisubiri kesho wakiwa peke yao, na kwa sababu waliamini kwamba Mungu wanayemwita yuko upande wa pili wa saa sita kama alivyo upande huu, habari ifike mapema au ichelewe. Kisha asubuhi wakafunga mikanda, wakatoka.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu, kama mwaka jana uliambiwa ni mwaka wako na haukuwa, usijione umeachwa. Wapo waliosikia tangazo la uhuru wao wakafikiwa nalo baada ya miaka miwili na nusu. Hawakuwa na imani haba kuliko wa Boston. Walikuwa mbali tu, na aliyebeba habari alikuwa bado njiani. Na kama wewe mwaka wako ulikuwa mzuri, basi wewe ndiye mwenye habari mkononi. Kuna mtu Galveston yake hajafikiwa. Mpelekee.

Nimalizie na yule mama. Kuna jambo nililiona usiku ule na sikulitia kwenye habari yangu kwa sababu halikuwa habari. Saa sita na kama dakika kumi hivi, watu wakiwa bado wanaruka, yeye aliketi, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika mwaka mpya juu. Kisha akanakili namba moja, ileile. Wakati ule nilimwonea huruma. Nilidhani namwona mtu aliyekata tamaa lakini hajui.

Alipomaliza akafunga daftari, akanigeukia.

"Na wewe mwanangu, una lako la kuombewa?"

Nikamwambia habari za baba. Hakusema ni mwaka wa nini. Aliuliza tu jina lake, akauliza mama yangu anaendeleaje na kama nimempigia simu usiku ule. Nilikuwa sijampigia. Akaniambia nimpigie sasa hivi, kabla sijafika ofisini, kisha akaandika jina la mama yangu kwenye daftari. Namba nane.

Nilimpigia mama nikiwa kituoni nasubiri usafiri. Alikuwa macho.

Heri ya mwaka mpya, wasomaji wangu. Tuonane tena hapa Mungu akipenda, na kama kuna mtu hujampigia, funga ukurasa huu kwanza.